"Glut": Neno la Soko Lililovimbiwa

Ukikaa Mutuini, upande huu wa Dagoretti ambako jiji la Nairobi linaishia kwenye vishamba vya sukuma wiki na mabanda ya ng'ombe, kuna neno moja la Kiingereza utalisikia kila mvua zinapokolea. Neno hilo ni "glut", na wenyewe hulitamka "glati". Kijana wa pikipiki anayekusanya maziwa alfajiri hulisema hata kabla ya kuzima injini: leo kiwanda kimesema kuna glut, nachukua nusu. Mama aliyeamka saa kumi usiku kukamua hamuulizi lina maana gani. Analijua kwa lita zilizobaki ndooni.

Mimi ni mzawa wa Pwani ninayeishi huku bara, na nimeona neno hili lastahili kuelezwa kwa wasomaji wa nyumbani. Sababu ni kwamba halikai Mutuini peke yake. Mkulima wa maembe wa Kilifi huambiwa neno hilohilo na dalali kila Januari. Huandikwa magazetini juu ya nyanya, mayai, mahindi, mafuta ya petroli, nyumba za kupangisha, na siku hizi hata juu ya walimu. Kila linapotajwa, kuna mtu anapunguziwa malipo na mwingine anapewa udhuru. Neno lenye uzito huo ni vyema mtu alijue ndani na nje.

Maana yake kwa ufupi

"Glut" ni hali ya bidhaa kuingia sokoni kwa wingi unaozidi kile ambacho wanunuzi wako tayari kukinunua kwa bei inayomlipa mzalishaji. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba maana hiyo ina nguzo tatu, na ukiiondoa moja neno linaanguka.

Ya kwanza ni wingi: lazima kiwe kimeingia kingi. Ya pili ni wakati na mahali: wingi huo uwe umefika pamoja, kwenye soko moja, kwa kipindi kimoja. Ya tatu ni bei: wingi uwe umeiangusha bei hadi mwenye mali apate hasara au akose kabisa wa kumuuzia. Nazi zikijaa Kwale na bei ikabaki pale pale kwa sababu wanunuzi wa Nairobi nao wameongezeka, hiyo ni neema. Bado haijawa "glut".

Kisarufi, neno hili ni nomino na pia ni kitenzi. Kama nomino, Mwingereza husema kuna "a glut of mangoes", yaani maembe yamefurika sokoni. Kama kitenzi husema wafanyabiashara "glutted the market", yaani wamelijaza soko hadi likatapika. Aghalabu hutumika kwa vitu vinavyohesabika kibiashara. Halitumiki kwa kusifu. Mtu hasemi "glut" ya upendo wala "glut" ya amani, ila kwa mzaha.

Linatoka wapi

Asili ya neno hili iko kooni. Kilatini kilikuwa na kitenzi "gluttire", maana yake kumeza. Kikapita kwenye Kifaransa cha kale, kikaingia Kiingereza katika karne ya 14 kwa maana ya kumlisha mtu mpaka ajae pomoni. Kutoka shina hilo Waingereza wana "glutton", yaani mlafi. Madaktari nao wana neno "deglutition" kwa tendo la kumeza chakula. Mwishoni mwa karne ya 16 wafanyabiashara wa Uingereza walianza kulitumia neno hili kwa soko. Wakaliona soko kama mtu aliyekula kupita kiasi, ukimwongezea tonge anakataa.

Wengine hudhani neno hili lina udugu na "gluten", ile protini ya ngano ambayo watu wengine haiwapatani tumboni. Hasha. "Gluten" imetokana na neno la Kilatini la gundi. Yamefanana sauti tu, ukoo ni mbalimbali.

Jirani zake wa Kiingereza

Kuna maneno yanayokaa karibu na "glut" na watu huyachanganya. "Surplus" ni ziada, yaani kile kinachobaki baada ya mahitaji kutimizwa. Ziada yaweza kuwa jambo la heri kabisa: mkulima aliyelisha nyumba yake na akabakiwa na magunia kumi ya mahindi ana ziada, na ziada hiyo ndiyo karo ya watoto. "Excess" ni kilichozidi kipimo, kiwe bidhaa, mzigo, chumvi au maneno. "Abundance" ni neema, wingi unaofurahiwa. "Glut" ndilo lenye harufu ya hasara. Ukisoma gazeti la Kiingereza limeandika "surplus" leo na "glut" kesho juu ya maziwa yaleyale, jua kuna kitu kimebadilika kwenye bei, au kuna mtu ana nia ya kukufanya uamini kimebadilika.

Kinyume chake ni "shortage" na "scarcity", yaani upungufu na uadimu. Hali hizi mbili hufuatana kama kusi na kaskazi, na mara nyingi moja ndiyo inayomzaa mwenzake. Bei ikipanda kwa uadimu, kila mtu hupanda au hufuga. Vyote vikikomaa pamoja, soko hufurika. Bei ikianguka, watu hung'oa, huuza ng'ombe, huacha. Baada ya misimu michache uadimu unarudi.

Kiswahili chetu kina nini

Wako wanaosema Kiswahili hakina neno la "glut". Mimi sikubaliani nao. Tunayo mengi, na kila moja linashika upande wake.

Tuna furiko na kufurika. Soko limefurika nyanya. Hili latazama upande wa bidhaa inayoingia, kama maji ya mto. Ni zuri kwa habari za kawaida, na redio hulitumia sana. Kasoro yake ni kwamba linafanya jambo lionekane kama kudura, mvua iliyonyesha bila ya mtu kuhusika.

Tuna mrundikano. Hili latufaa kwa bidhaa zilizokwama ghalani au bandarini. Makasha yaliyorundikana Kilindini yanaweza kuwa na wanunuzi wanaoyangoja, ila yamekwama kwa karatasi. Kwa hiyo mrundikano na "glut" si kitu kimoja.

Tuna kudoda. Mali imedoda, yaani imekaa bila kununuliwa. Hili latazama upande wa mnunuzi aliyekimbia. Tofauti hii ni muhimu. Mkonge wa Tanga na wa Kilifi ulipopoteza bei tangu miaka ya 1960, moja ya sababu kubwa ilikuwa kamba za plastiki zilizoingia mahali pa katani. Mkonge haukuwa umefurika ghafla. Ni wateja waliohama, ukadoda.

Tuna bwerere na bei ya kutupa. Haya yanaeleza matokeo. Kitu kimekuwa bwerere hata mwenyewe hakioni thamani yake.

Mwisho tuna mawili ambayo kwangu ndiyo johari: kukinai na kuvimbiwa. Mtu aliyekinai hakitaki tena kile alichokuwa akikipenda. Mtu aliyevimbiwa amekula hadi tumbo linamuuma. Ukisema soko limevimbiwa umefika kooni na tumboni kulekule alikofika Mlatini na "gluttire" yake, bila ya kuazima chochote. Zaidi ya hayo, kuvimbiwa kuna swali ndani yake ambalo furiko halina: ni nani aliyevimbiwa? Mto hufurika wenyewe, lakini anayevimbiwa lazima awe na tumbo. Swali hilo tutalirudia, kwani ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Maziwa ya Mutuini

Mutuini ni wadi ya Dagoretti Kusini, pamoja na Waithaka, Riruta, Ngando na Uthiru/Ruthimitu. Eneo hili lilikuwa la Kiambu kabla ya mipaka ya Nairobi kupanuliwa mwaka 1963, na hadi leo lina damu ya Kiambu. Ardhi zimegawanywa zikawa vipande, vyumba vya kupangisha vimesimama pale palipokuwa na migomba, lakini nyuma ya nyumba nyingi utakuta ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wanaolishwa zizini kwa majani ya nepia.

Ng'ombe hao wana tabia moja ambayo wachumi wa ofisini hawaitilii maanani: ng'ombe haambiwi ngoja. Kiwanda cha sabuni kikiona soko limejaa huzima mashine. Ng'ombe usipomkamua anaugua kiwele. Na maziwa yasipopozwa hayafiki jioni. Methali yetu husema akiba haiozi, na ni kweli kwa mahindi makavu na kwa fedha. Kwa maziwa, akiba huoza.

Sasa tazama namna msimu unavyofanya kazi. Mvua za masika huanza Machi, za vuli huanza Oktoba. Majani yakiota, maziwa huongezeka kila nyumba kwa wiki zilezile. Na kalenda ya shule ya Kenya kwa kawaida hufunga watoto Aprili, na tena mwisho wa mwaka hadi Januari, karibu na kilele cha maziwa. Shule za bweni, ambazo hununua maziwa ya chai kwa madebe, zinanyamaza. Hivyo bidhaa inaongezeka na mlango mmoja mkubwa wa kununua unafungwa wakati mmoja. Wala familia haiongezi vikombe vya chai maradufu kwa kuwa bei imeshuka nusu. Vyakula vya kila siku vina tabia hiyo: wingi kidogo tu wa ziada waweza kuiangusha bei vibaya.

Mfano mkubwa ambao Kenya haijausahau ni wa mwanzoni mwa mwaka 2010. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame mkali, mifugo ikafa, maziwa yakaadimika. Kisha mvua zikaja mwishoni mwa 2009, nyasi zikaota, na kufikia Januari maziwa yakawa mengi hata viwanda vikasema haviwezi kuyapokea yote. Wafugaji wakamwaga maziwa chini mbele ya kamera. Nchi ileile, ndani ya miezi michache, ilitoka kwenye kilio cha njaa ikaingia kwenye kilio cha shibe.

Serikali nazo zimejaribu dawa zake. Chama cha KCC kilianzishwa 1925 na masetla wa Kizungu, kikawa kwa miaka mingi ndicho mlango mkuu wa maziwa ya nchi. Mwaka 1979 ulianza mpango wa maziwa ya shule, yale watu wa umri wangu huyaita maziwa ya Nyayo, na miaka ile watoto wa Pwani nasi tuliyanywa kwenye pakiti za pembe tatu. Kwa mtazamo wa soko, mpango ule ulikuwa tumbo kubwa lililofunguliwa kwa makusudi. Biashara ya maziwa ikafunguliwa kwa kila mtu mwaka 1992, KCC ikadhoofika ikaanguka, na mwaka 2003 ikafufuliwa na serikali kama New KCC. Maziwa ya unga ni dawa nyingine: hukausha ziada ya msimu wa mvua ili inywewe msimu wa kiangazi. Lakini mashine za kukausha ni ghali na ni chache, na ziko mikononi mwa wachache.

Hapa Mutuini mama mmoja jirani yangu hutumia dawa ya zamani. Lita zilizokataliwa huzigandisha, akauza maziwa lala kwa mafundi wa ujenzi saa sita. Haimlipi kama maziwa mabichi, lakini hajamwaga. Nilipomwambia kwamba Lamu na Tana watu waligeuza maziwa kuwa samli kwa sababu hiyohiyo, alicheka akasema kumbe tatizo ni moja, jua tu ndilo tofauti.

Karafuu, kahawa na maembe

Wasomaji wa Pwani tusidhani mambo haya ni ya watu wa ng'ombe. Pwani yetu ina mojawapo ya hadithi kongwe za "glut" katika Afrika Mashariki, nayo ni ya karafuu.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, enzi ya Seyyid Said, karafuu ilikuwa na bei ya kutia wazimu. Mashamba yakafyekwa Unguja na Pemba, watumwa wakaletwa kwa maelfu, kila mwenye uwezo akapanda. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo kila mmoja alipanda kwa bei ya leo akavuna kwa bei ya kesho. Kufikia miaka ya 1840 karafuu zilikuwa zimejaa na bei imeporomoka. Kilichokuja kuipandisha ni msiba. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, bei ikapanda, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa mama wa karafuu.

Karne iliyofuata hadithi ikarudi kwa sura nyingine. Indonesia ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kwa ajili ya sigara zao za kretek. Kisha Waindonesia wakapanda mikarafuu yao, na kufikia miaka ya 1980 wakajitosheleza. Mkulima wa Wete hakuwa amezidisha hata pishi moja, lakini aliamka akaambiwa dunia ina karafuu nyingi. Soko lake lilivimbiwa kwa tonge la mtu mwingine.

Kahawa ya Kiambu, jirani wa Mutuini, nayo ilipitia njia hiyo. Mkataba wa kimataifa wa kahawa wa 1962 uligawia kila nchi kiasi cha kuuza ili bei isianguke. Migao hiyo ilipovunjika Julai 1989, kila nchi ilitoa kahawa yake nje, na ndani ya miezi michache bei ya dunia ikakatika karibu nusu. Wakulima wengi wa Kenya wakaiacha mibuni ikaota magugu, wengine wakageukia ng'ombe wa maziwa. Hivyo "glut" moja ilisaidia kuandaa nyingine.

Na maembe yetu? Ngowe, boribo, dodo na embe la apple hukomaa kwa wingi kuanzia Novemba hadi Machi. Kilifi, Kwale na Tana River huvuna pamoja, na wakulima wa Machakos na Makueni nao huingia soko lilelile la Nairobi. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya, akaanza kuonekana huku kwetu. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ikasimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi huyo, na safari hizo hazikuanza tena hadi 2021. Miaka hiyo yote, embe ambalo lingepanda ndege lilirudi Kongowea kugombania mnunuzi na embe lililokuwa hapo. Dalali akasema kuna "glut", na kwa maneno alisema kweli. Ila nzi na mlango uliofungwa hakuvitaja.

Wazee wetu walijua kupambana na wingi wa msimu. Samaki wa kaskazi, bahari inapotulia na mitego inajaa, walipasuliwa wakatiwa chumvi wakawa ng'onda. Nazi ilikaushwa ikawa mbata. Muhogo ukawa makopa. Embe bichi likawa achari. Hivyo vyote ni viwanda vya kuahirisha shibe. Kisichokaushika, kama embe bivu, ndicho kinachooza chini ya mti hadi leo.

Je, kweli vimezidi?

Hapa ndipo penye kiini. Wachumi wamelibishania neno hili miaka mia mbili. Thomas Malthus wa Uingereza, katika kitabu chake cha 1820, alisema yawezekana nchi nzima ikawa na bidhaa nyingi kuliko uwezo wa watu kuzinunua. Mfaransa Jean-Baptiste Say na Mwingereza David Ricardo walimpinga: bidhaa moja yaweza kuzidi, wakasema, lakini zote kwa pamoja haziwezi, kwa kuwa kila anayezalisha hupata uwezo wa kununua cha mwenzake. Miaka ya 1930 mdororo wa dunia ulipompa Malthus heshima upya, Brazil ilikuwa ikichoma kahawa. Kati ya 1931 na 1944 iliteketeza takriban magunia milioni 78, ili bei isife. Na tarehe 20 Aprili 2020, wakati wa korona, bei ya mafuta ghafi ya Marekani kwa mkataba wa mwezi uliofuata ilifika dola 37.63 chini ya sifuri. Matangi yalikuwa yamejaa, na mwenye mafuta alimlipa mtu ayachukue.

Pande zote mbili za ubishi ule zilikubaliana jambo moja ambalo sisi hulisahau: "glut" hupimwa kwa mfuko wa mnunuzi. Haja ya mtu haimo kwenye kipimo. Asubuhi ile ambayo maziwa ya Mutuini yanakataliwa kwa kuwa ni mengi, kilomita chache tu kutoka hapa, Kawangware, yuko mtoto anayekunywa chai ya rangi. Yeye haja anayo, ila hana shilingi za kuingia sokoni, kwa hiyo katika hesabu ya "glut" hahesabiwi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na soko likishiba husema nchi nzima imeshiba.

Vivyo hivyo kwa walimu. Tunaambiwa kuna "glut" ya walimu Kenya, ilhali kila mzazi wa kijijini anajua darasa lenye watoto sitini na mwalimu mmoja. Walimu waliosomea na hawajaajiriwa ni wengi, na shule zisizo na walimu wa kutosha ni nyingi. Hao hawajazidi. Bajeti ya kuwaajiri ndiyo iliyopungua. Kulitumia neno la soko hapo ni kumwambia kijana kuwa hahitajiki, jambo ambalo si kweli.

Kwa hiyo kila ukisikia neno hili, iwe kwa dalali, kwa waziri au kwenye gazeti, uliza maswali manne. Wapi? Maana nyanya zaweza kufurika Taveta na kuadimika Lamu. Lini? Maana wingi wa wiki mbili si wingi wa mwaka, na haustahili kuwa sababu ya kupunguza bei ya mwaka. Kwa bei gani? Maana kama rafu ya duka bado inauza paketi kwa bei ya jana, wakati mfugaji amekatwa nusu, basi shibe haikumfikia mlaji, imebaki katikati. Na mlango ni wa nani? Maana nyanya na maziwa hupita kwenye milango michache, na mwenye mlango ndiye anayetangaza kwamba ndani kumejaa.

Namna ya kulitumia

Kwa wanaoandika na kutangaza, pendekezo langu ni hili. Habari ikiwa ni ya bidhaa kuingia kwa wingi, andika soko limefurika. Ikiwa mnunuzi ndiye aliyekimbia, andika mali imedoda. Ikiwa imekwama njiani au ghalani, andika imerundikana. Na ikiwa kweli kimeingia kingi, kwa pamoja, bei ikamuua mwenye mali, andika soko limevimbiwa, kisha mwambie msomaji ni soko la nani. "Glut" tuwaachie wanaoandika Kiingereza, nao pia wawe wakieleza.

Kwa mkulima na mfugaji ushauri ni mfupi zaidi. Biashara haigombi, lakini huuliza. Ukiambiwa kuna "glut", usijibu kwa kushusha bei kabla hujauliza duka linauzaje, kiwanda kinachukua za nani na kinaacha za nani, na ushirika wenu una tangi la kupozea au hauna. Tangi moja la baridi la kikundi huwapa watu siku moja au mbili za kusubiri, na katika maziwa siku moja ndiyo tofauti ya kuuza na kumwaga. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msimu wa kuvimbiwa hata kizuri hujitembeza, tena juani, na anayekitembeza peke yake ndiye anayekiuza kwa bei ya kutupa.